Asali Safi Huanzia Mzingani

Ndugu msomaji, fikiri jambo hili. Kikundi cha warina asali kimejaza ndoo 10. Ndoo zimewekwa ghalani zikimngoja mnunuzi. Baada ya miezi miwili mnunuzi anafika. Anafungua ndoo ya kwanza. Asali ni nzuri. Anafungua ya pili na ya tatu. Nazo ni nzuri. Anafungua ndoo ya nne. Juu kuna povu, na harufu yake ni kama ya pombe.

Mnunuzi anauliza, "Hapa mmetia maji?"

Wanakikundi wanaapa kwamba hawakutia hata tone moja. Wanasema kweli. Lakini mnunuzi hawaamini tena. Sasa anazitilia shaka hata zile ndoo tatu alizozikubali.

Je, kosa ni la nani? Maji yale yalitoka wapi? Na mtu atajuaje kwamba asali ni safi na haitamdhuru mlaji? Haya ndiyo tutakayojifunza katika somo hili.

ASALI NA MAJI

Nyuki hunyonya majimaji matamu ya maua. Majimaji hayo bado si asali. Yana maji mengi mno. Nyuki huyapeleka mzingani, huyachanganya na mate yao, kisha huyaweka katika vitundu vya masega. Hupiga mabawa yao usiku na mchana ili upepo uyakaushe. Maji yakipungua vya kutosha, nyuki huziba kila kitundu kwa nta. Hapo asali imeiva.

Kwa hiyo nta nyembamba iliyo juu ya sega ni kama muhuri. Nyuki wanakuambia, "Kazi yetu imekwisha. Sasa unaweza kurina."

Mtu akirina masega ambayo hayajazibwa, anapata asali yenye maji mengi. Hakutia maji yeye. Maji yalikuwamo tangu mwanzo, kwa sababu nyuki hawakumaliza kazi yao.

Maji hayo yana hatari gani? Katika asali kuna hamira, ambayo hutoka katika maua na hewani. Asali ikiwa nzito, hamira hulala. Haiwezi kufanya kazi. Maji yakiwa mengi, hamira huamka, hula sukari na kutoa povu na kileo. Asali huchacha. Hayo ndiyo yaliyoipata ile ndoo ya nne.

Tena asali hunyonya maji kutoka hewani. Ukiiacha wazi wakati wa masika, hata asali iliyoiva itaongezeka maji. Kifuniko kisichobana ni adui wa asali.

MAJARIBIO YA KIBERITI NA MAJI

Watu wengi wana njia zao za kuijaribu asali. Wengine huchovya njiti ya kiberiti katika asali, kisha huiwasha. Ikiwaka, wanasema asali ni halisi. Wengine hudondosha tone katika bilauri ya maji. Likizama bila kutawanyika, wanasema asali ni safi. Wengine hutazama sisimizi. Wengine huweka tone juu ya karatasi waone kama italowa.

Njia hizi ni za zamani, na waliotufundisha hawakutaka kutudanganya. Lakini tuzifikiri vizuri. Chukua sukari, ichemshe na maji kidogo mpaka iwe nzito. Dondosha tone lake katika bilauri. Nalo litazama. Chovya njiti. Nayo inaweza kuwaka. Kwa hiyo majaribio haya yanaweza kukuonyesha uzito wa kitu tu. Hayawezi kukuambia kama kitu hicho kimetoka kwa nyuki au kwa mpika sukari.

Sisimizi nao si mashahidi wa kutegemewa. Hufuata asali, na hufuata sukari pia.

Lipo jambo kubwa zaidi. Tuseme asali imewekwa katika dumu lililokuwa na dawa ya kuua wadudu. Njiti itawaka. Tone litazama. Asali itakuwa tamu kama kawaida. Sumu haionekani, na mara nyingi haina ladha. Hakuna jaribio la kiberiti linaloweza kuigundua.

Wengine hufikiri kwamba asali iliyoganda imetiwa sukari. Hilo nalo si kweli. Asali nyingi halisi huganda, hasa mahali penye baridi. Hiyo ni tabia yake. Ukitaka iyeyuke, weka chombo chake ndani ya maji ya uvuguvugu. Usiiweke juu ya moto.

MAABARA HUTAFUTA NINI?

Maabara ni nyumba ya kupimia vitu kwa mashine na dawa. Wataalamu wa maabara wakipewa asali huipima mambo mengi. Tuyatazame yaliyo makubwa.

Kwanza, maji. Kipo chombo kidogo cha mkononi cha kupimia maji ya asali. Unaweka tone moja juu ya kioo chake, unafunika, unatazama kwenye mwanga na kusoma namba. Vyama vingine vya wafugaji nyuki vinacho. Kiwango cha kimataifa kinasema kwamba maji yasizidi asilimia 20. Maana yake, katika kila kilo 100 za asali, maji yasizidi kilo 20. Kiwango hicho kilitolewa mwaka 1981 na tume iitwayo Codex Alimentarius, na kilirekebishwa mwaka 2001. Tume hiyo iliundwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa pamoja na Shirika la Afya Duniani. Kiwango hiki ni cha asali ya nyuki wakubwa, wale wanaouma. Asali ya nyuki wadogo wasiouma ina maji mengi zaidi kwa asili yake, na haipimwi kwa kiwango hicho.

Pili, moto. Asali ikichemshwa, au ikikaa muda mrefu mahali penye joto, ndani yake huongezeka kitu ambacho wataalamu hukiita HMF. Asali mpya ina kidogo sana. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu miligramu 40 katika kilo moja. Kwa asali ya nchi za joto, kama yetu, kinaruhusu miligramu 80. Kitu hiki ni kama shahidi. Mtu aliyeichemsha asali anaweza kunyamaza, lakini HMF itasema.

Tatu, sukari ya kuongezwa. Katika asali ya kawaida, sukari ya aina ile tunayotia katika chai haitakiwi kuzidi gramu 5 katika gramu 100. Zipo pia mashine zinazotambua sukari ya miwa na ya mahindi. Mimea hiyo hutengeneza sukari yake kwa njia tofauti na miti mingi ambayo nyuki huitembelea. Tofauti hiyo hubaki ndani ya sukari, na mashine huiona. Lakini wadanganyifu nao hutafuta njia mpya, kama vile kutumia sukari iliyotokana na mchele. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitoa taarifa ya ukaguzi wa asali iliyotoka nchi za nje. Katika sampuli 320, sampuli 147 zilishukiwa kwamba si asali halisi. Karibu nusu! Ndiyo sababu wanunuzi wa siku hizi wana mashaka mengi.

Nne, dawa. Maabara hutafuta dawa za kuua wadudu wa mashambani. Hutafuta pia dawa za kutibu nyuki ambazo hubaki ndani ya asali.

Tano, madini yenye sumu, kama risasi. Hii si risasi ya bunduki, bali ni madini yaliyokuwa yakitiwa katika rangi nyingi za zamani. Asali ina ukali wa tindikali, kama ndimu isiyo kali sana. Ikiwekwa katika chombo cha bati au cha chuma chenye kutu, hukila chombo hicho polepole, na madini huingia katika asali.

Nchini Tanzania, kazi ya usalama wa chakula iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya TFDA, lakini mwaka 2019 ilihamishiwa TBS. Afisa nyuki wa wilaya yako anaweza kukueleza njia ya kufikisha asali yenu kwenye vipimo.

KAZI YAKO KABLA YA MAABARA

Ndugu msomaji, shika neno hili. Maabara haisafishi asali. Maabara inasema tu kile ulichokifanya wewe. Ukirina vibaya, mashine itasoma ubaya. Ukirina vizuri, itasoma uzuri. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kiko mikononi mwako.

Chagua mahali pazuri pa kutundika mizinga. Iweke mbali na mashamba yanayopigwa dawa. Wakulima wa Tabora na Urambo wanalijua jambo hili vizuri, maana huko misitu ya miyombo yenye maua mazuri inapakana na mashamba ya tumbaku. Zungumza na jirani yako mwenye shamba. Mwombe asipige dawa wakati maua yamechanua na nyuki wako kazini. Dawa hizo zinaweza kuua nyuki na kuchafua asali.

Usipulize dawa ya wadudu mzingani. Sisimizi na siafu wakisumbua, paka grisi kwenye waya au nguzo ya mzinga. Usipake rangi ndani ya mzinga.

Tumia moshi kwa kiasi. Choma majani makavu, magunzi au vipande vya miti iliyooza. Usichome plastiki, mpira wa gari wala matambara yenye mafuta ya taa. Asali hushika harufu upesi. Tena usirine kwa mienge ya moto. Moto huua nyuki, na majivu huangukia katika masega.

Nenda na ndoo mbili za plastiki zilizotengenezwa kwa ajili ya chakula, safi na kavu, zenye vifuniko. Katika ndoo ya kwanza weka masega mazuri tu, yaliyozibwa kwa nta robo tatu au zaidi. Katika ndoo ya pili weka yale ambayo hayajazibwa vizuri. Hayo mtayala nyumbani mapema. Masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, yaache mzingani. Majana yakikamuliwa huharibu asali, na ukiyatoa unawapunguza nyuki wako wa kesho.

Wengine husema kwamba mizinga ya magogo na ya magome haiwezi kutoa asali safi. Si kweli. Mzinga wa masanduku hurahisisha kazi, lakini mrinaji mwangalifu hupata asali safi hata katika mzinga wa gogo. Uchafu mwingi huletwa na mikono, moshi na vyombo.

Ukifika nyumbani, nawa mikono kwa sabuni na uikaushe. Ponda masega, kisha uyachuje kwa kitambaa safi na kikavu. Fanya hivyo ndani ya nyumba, siku isiyo na mvua. Usichemshe asali ili ichujike upesi. Ikiwa nzito mno, weka ndoo katika maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia. Iache itulie siku chache, kisha uondoe povu na vipande vya nta vilivyoelea juu. Funga vizuri. Andika juu ya ndoo tarehe ya kurina, mahali, na jina la mrinaji.

Usitumie debe lenye kutu. Usitumie dumu lililokuwa na mafuta ya taa, dawa ya mifugo au dawa ya shamba, hata kama limeoshwa mara kumi. Plastiki hunyonya sumu, kisha huitoa polepole.

KUCHUKUA SAMPULI

Sampuli ni asali kidogo inayochukuliwa ili ipimwe kwa niaba ya asali yote. Ikichukuliwa vibaya, majibu yatakuwa ya uongo.

Tafuta chupa ya kioo, mpya au iliyooshwa vizuri na kukauka kabisa. Koroga ndoo polepole kwa mwiko safi na mkavu. Asali ya juu na ya chini hazifanani. Jaza chupa na uifunge papo hapo. Andika namba ya ndoo, mahali na tarehe. Bakiza chupa nyingine ya asali hiyo hiyo nyumbani. Kukitokea ubishi, mtakuwa na ushahidi wenu.

Usichague ndoo iliyo nzuri kuliko zote na kuipeleka peke yake. Ukifanya hivyo, humdanganyi mtaalamu. Unajidanganya wewe na wenzako.

NTA, CHAVUA NA GUNDI YA NYUKI

Nyuki hutoa vitu vingine pia. Navyo hupimwa.

Nta hutumika kutengeneza mishumaa, mafuta ya kupaka na hata kupaka juu ya vyakula vingine. Nta safi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi. Mtu akichanganya mafuta ya ng'ombe au nta ya mishumaa ya dukani, kiasi hicho kinaweza kubadilika, na mtaalamu ana vipimo vya kumgundua. Ukiyeyusha nta, tumia maji moto katika sufuria ya alumini. Chungu cha chuma huifanya iwe nyeusi, na bei yake hushuka. Usiiyeyushe juu ya moto bila maji, kwa kuwa inaweza kushika moto.

Chavua ni unga wa maua ambao nyuki hubeba miguuni. Watu wengine huila. Lakini chavua isiyokaushwa vizuri huota ukungu, na aina fulani za ukungu hutoa sumu. Tena wapo watu ambao miili yao huikataa. Huvimba, huwashwa au hushindwa kupumua vizuri. Mtu anayeanza kuila aonje kidogo sana.

Gundi ya nyuki hutokana na utomvu wa miti. Nyuki huitumia kuziba nyufa za mzinga. Gundi hii hunata, na hunasa vumbi na rangi. Usiikwangue kwenye mbao zilizopakwa rangi.

MTOTO MCHANGA ASILAMBE ASALI

Sasa tufikie jambo ambalo linahusu uhai. Lisome polepole, na umsomee jirani.

Katika sehemu nyingi wazee humlambisha mtoto mchanga asali. Hufanya hivyo kwa upendo. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hatakiwi kupewa asali, hata kidogo.

Sababu ni hii. Asali inaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinachoishi udongoni. Mtu mzima akizila, tumbo lake lililokomaa huzizuia. Tumbo la mtoto mchanga bado ni changa. Humo mbegu huweza kuamka na kutoa sumu inayolegeza mwili. Madaktari waliutambua ugonjwa huu wa watoto huko Marekani mwaka 1976. Huitwa botulizimu.

Dalili zake ni hizi. Mtoto hukosa choo kwa siku kadhaa. Hunyonya kwa udhaifu. Hulia kwa sauti ndogo. Kope zake hulegea, na shingo haikazi. Baadaye hushindwa kupumua. Ukiona dalili hizi, mpeleke hospitali mara moja.

Usiseme, "Asali yetu imepimwa." Hata asali bora yenye cheti inaweza kuwa na mbegu hizi. Usiseme, "Nitaichemsha." Mbegu hizi haziuawi kwa kuchemsha jikoni. Kinga ni moja tu: usimpe. Kwa miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama yanamtosha.

NDOO MOJA NA PIPA ZIMA

Mwaka 2002 nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia asali ya China. Ilikuwa imekutwa na dawa iitwayo kloramfenikoli, ambayo hairuhusiwi katika chakula. Zuio hilo lilidumu mpaka mwaka 2004. Bila shaka wapo wafugaji nyuki wengi wa China ambao hawakutumia dawa hiyo. Nao walifungiwa soko.

Ndivyo ilivyo hata kijijini. Asali ya watu wengi humiminwa katika pipa moja. Ndoo moja yenye dawa, au yenye asali isiyoiva, huharibu jasho la wote. Ndiyo sababu kikundi chenye busara hufungua na kukagua kila ndoo kabla ya kuimimina. Mwenye ndoo asikasirike. Anayekagua analinda pipa la wote, na ndoo ya mwenzako nayo itakaguliwa vivyo hivyo.

Basi, tuirudie ile ndoo ya nne. Kama ingekuwa na maandishi ya tarehe na jina la mrinaji, kikundi kingemwambia mnunuzi, "Ndoo hii ni ya masega ambayo hayakuiva. Tumeitenga. Hizi tisa ndizo tunazouza, na hii hapa sampuli ya kila moja." Mnunuzi angezipima, na ndoo moja isingezitia shaka nyingine tisa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Rina masega yaliyozibwa kwa nta.
2. Njiti ya kiberiti haiwezi kugundua sumu.
3. Usichemshe asali. Usiiache wazi.
4. Vyombo viwe safi, vikavu, na visiwe vimewahi kuwekwa dawa.
5. Andika tarehe, mahali na jina juu ya kila ndoo.
6. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini asali ya ndoo ya nne ilichacha ingawa hakuna aliyetia maji?
2. Katika kijiji chenu watu huijaribu asali kwa njia gani? Njia hizo zinaonyesha nini, na haziwezi kuonyesha nini?
3. Mama mkwe anataka kumlambisha mjukuu wake asali. Utamweleza nini bila kumvunjia heshima?
4. Kikundi chenu kifanye nini ili ndoo moja isiharibu pipa zima?